Boksi limeng'aa, diski je?

Ukishaangalia video tatu za kufufua kompyuta za zamani, umeziangalia zote. Mtu anatoa stoo kompyuta iliyogeuka njano, anaifungua, anapuliza vumbi, anabadilisha kapasita, anaipaka plastiki dawa ya kuirudishia weupe, anawasha, mchezo wa utotoni mwake unatokea kwenye skrini, muziki, mwisho. Mimi nazipenda. Nimemaliza bando nyingi kwenye chaneli ya The 8-Bit Guy na ile ya Adrian's Digital Basement, na hii ya pili bado naikubali sana, kwa sababu jamaa anapima volti kabla ya kung'oa kitu, na akikosea anakuonyesha alivyokosea. Lakini baada ya kuifanya kazi hiyo mwenyewe hapa Bariadi, kwenye mashine isiyo yangu, nina ugomvi nazo. Usikie kwanza kabla hujanunua bisibisi.

Tuanze na kung'arisha, maana ndiko kunakopendwa. Plastiki ya ABS iliyotengenezea maboksi mengi ya zamani hubadilika rangi kwa mwanga, joto na oksijeni, na kwa miaka mingi lawama zimeangushiwa dawa za bromini zilizochanganywa humo ili plastiki isishike moto haraka. Tiba iliyovuma kuanzia 2008 ni haidrojeni peroksaidi pamoja na mionzi ya jua. Hapa kwetu jua si la kutafuta, na peroksaidi ya krimu ipo kwenye maduka ya vifaa vya saluni. Vaa glovu, inaunguza. Niliipaka kwenye ubavu wa boksi, nikafunika kwa nailoni, nikaianika mchana kutwa. Ilikubali, ila kwa mabaka kama chui, kwa sababu krimu ilikauka sehemu sehemu. Na hata ukifanya vizuri, unjano unaweza kurudi. Kwenye video kazi hii inakula muda kibao. Kwa mashine yenyewe haina faida yoyote.

Kwenye kapasita ndiko kuna sayansi ya kweli. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 hivi na 2007 zilipata kapasita mbovu. Ndani ya kapasita ya aina hii kuna karatasi nyembamba ya alumini na majimaji yanayopitisha umeme. Majimaji yakiwa yamechanganywa vibaya yanaila alumini, gesi ya haidrojeni inazalishwa, na kichwa cha kapasita kinavimba mpaka kinapasuka kwenye ule mchoro wa msalaba uliochongwa juu. Fungua boksi uangalie zile zilizozunguka prosesa: kichwa kikiwa tambarare, shukuru; kikiwa kama andazi, umeshajua kwa nini mashine inazima yenyewe. Kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya tatizo hili, kwa hiyo si hadithi za mafundi.

Sasa, video inakwambia "agiza mpya," na mzigo unafika mlangoni. Mimi niling'oa kapasita kwenye televisheni mbovu. Namba zilikuwa sawa, mikrofaradi 1,500 na volti zaidi ya zilizohitajika, upande wa hasi na chanya nimezingatia. Kompyuta iliwaka, ikakaa nusu saa, ikaganda. Kumbe namba mbili zilizoandikwa ubavuni hazitoshi. Kapasita za karibu na prosesa zinatakiwa ziwe na ukinzani mdogo sana wa ndani, kwa sababu zinajaa na kumwaga umeme mara maelfu kwa maelfu kwa sekunde. Ya kawaida hapo inapata moto na umeme unaotoka unatetemeka. Nilifuata zinazofaa Mwanza. Hicho kipengele, video nyingi zinakipita kwa sentensi moja, wakati kwa fundi wa huku ndicho somo lote.

Lakini hilo bado ni dogo. Jiulize kwa nini video hizi zinajali boksi kuliko kilichomo. Kwa wenzetu, boksi ndilo kumbukumbu. ZX Spectrum na Commodore 64 zilitoka 1982, Amiga 500 mwaka 1987. Mtoto wa Uingereza alichomeka Spectrum kwenye televisheni ya sebuleni, akapakia mchezo kutoka kwenye kaseti. Programu zake ziliuzwa nakala kwa maelfu, kwa hiyo yake ikiharibika anapata nyingine ileile. Sisi? Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na zuio lile lililegezwa polepole. Tanzania Bara imepata kituo cha televisheni 1994. Hata kama mjomba angekuletea hiyo Spectrum, wengi wetu tungeichomeka wapi?

Kompyuta ya zamani ambayo mtu wa Simiyu anaikumbuka ni Pentium 4 ya mtumba, iliyofika ikiwa imeshazeekea ofisini Ulaya, ikawekwa steshenari. Haikuwa ya mtoto mmoja chumbani kwake. Ilikuwa ya mtaa mzima. Ulisimama nyuma ya mchapaji na karatasi yako ya barua ya kuomba kazi, ukimwelekeza, "hapo weka koma." Boksi lake halina upekee wowote, yapo mamilioni duniani. Upekee uko kwenye diski.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Mashine ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa na steshenari Somanda. Nilimwomba nijifunzie, akanipa bure. Niliifanya kama video zinavyosema: safisha, badilisha kapasita, ongeza RAM ifike GB 2, kisha anza upya. Mafundi wetu wanaita kupiga Windows. Mimi niliweka Debian 12, kwa sababu Windows XP iliachwa na wenyewe tangu Aprili 2014, na Debian 13 haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Diski ya GB 40, ileile ya zamani, nikaifuta. Nikampelekea kwa mbwembwe, boksi linang'aa nusu.

Akakaa, akashika mausi, akaangalia.

"Mwanangu, na kazi zangu zimo?"

"Kazi zipi, mayu?"

Zilikuwa barua, kadi za harusi, mihtasari ya vikao vya chama cha msingi cha wakulima wa pamba, mitihani ya shule za msingi, vyeti vya ubatizo. Za miaka ile Bariadi bado iko mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijazaliwa 2012. Hakuna aliyekuwa na nakala. Karatasi zenyewe nyingi zimeliwa na mchwa.

Ungejua tu, kuzuia hili ni rahisi hadi aibu. Diski nzima ya GB 40 inaingia kwenye flashi ya GB 64. Unaitoa kwenye boksi, unaichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa kugeuza IDE kwenda USB, kisha programu ya ddrescue inainakili biti kwa biti, inaruka sehemu mbovu, inaziandika pembeni na kuzirudia baadaye. Hiyo inafanywa kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kufuta vumbi. Kwenye video ngapi umeiona?

Ukifomati kwa haraka, diski hupoteza kama ukurasa wa yaliyomo. Kurasa zenyewe bado zipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Debian yangu ilikuwa imeshaandika juu ya sehemu kubwa. Nikatumia PhotoRec, inayopekua diski ikitafuta alama za mwanzo za kila aina ya faili. Faili za zamani za Word, kwa mfano, huanza na D0 CF 11 E0. Inarudisha ilichokipata, ila majina hapana.

(Kuhusu kuitumia kila siku: Pentium 4 nyingi za mwisho zilibuniwa kwa joto la wati 84 hadi 115 kwenye prosesa peke yake. Piga hesabu ya wati 200 pamoja na monita ya kichogo, saa 8 kwa siku, ni uniti 48 kwa mwezi, wakati mwisho wa matumizi madogo ya nyumbani ya TANESCO ni uniti 75. Usiigeuze ya kazi.)

Siku hizi Jumamosi naenda Somanda na laptopu. Tunafungua f0381224.doc, halafu inayofuata. Nyingine ni herufi za ajabu tupu. Nyingine zimekatika katikati. Mama anasoma mstari wa kwanza, anasema hii ya fulani, ilikuwa mwaka wa njaa, mimi naandika jina jipya la faili. Tumefika ya 212.