Kimekuja, Kinazuia Radi, na Kinaenea Kiganjani!

Wapenzi wa vitu vya umeme, hiki ndicho! Seji protekta ya daraja la 2, ndogo kiasi cha kuenea kiganjani, sasa imekaa kwenye boksi la breka nyumbani kwangu Goba, na kila anayepita lazima nimfungulie aione.

Sisi wa milimani huku tunaijua masika. Nyaya zinapita juu, nguzo kwa nguzo, na radi si lazima ipige nyumba yako. Ikipiga jirani tu, mshtuko unafuata waya mpaka ndani: televisheni kwisha, king'amuzi kwisha, pampu ya maji kwisha. Friji gadi ni nzuri umeme unapopanda na kushuka, lakini swichi yake haijafunguka, radi imeshamaliza kazi.

Soma maandishi ya usoni: volti 275, kiloampea 20, upeo 40. Umeme wetu ni volti 230, basi kifaa kimetulia tu. Volti zikiruka, visahani vya oksidi ya zinki vilivyomo ndani vinafungua njia ya kwenda ardhini kabla hata sehemu ya milioni ya sekunde haijapita, kisha vinafunga tena. Vyenyewe! Na kile kidirisha cha kijani! Kikigeuka chekundu, unachomoa kipande kilichochoka na kupachika kipya, bila kugusa waya hata mmoja.

Ila bila ethi hilo ni pambo la ukutani. Fundi wangu alianza kwa kuipima, akagongelea fimbo ya shaba, ndipo akafunga kifaa. Waya za kukiunganisha zisizidi nusu mita kwa jumla, maana radi ikipita, kila mita ya waya huongeza volti zipatazo 1,000. Ukimwona fundi anazungusha waya mrefu kwa madaha, msimamishe.

Radi ikipiga paa moja kwa moja, hapo panahitaji fimbo ya radi na kifaa cha daraja la 1. Waya wa dishi na wa sola nao ni milango mingine ya mshtuko. Wa dishi mimi bado nauchomoa mawingu yakifunga.

Kwa bei ya chini kuliko friji moja, sijaona ulinzi bora wa nyumba. Vuli inaanza Oktoba: tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwambie aanze na ethi.