Nani Aligundua Ua la Usambara? Uchambuzi wa Swali Lililoharibika

Swali lenyewe ni fupi: "Nani aligundua ua la Saintpaulia katika milima ya Usambara?" Kwenye kadi ya majibu kuna jina moja tu, Baron Walter von Saint Paul-Illaire. Ni swali linalomvutia mtunga chemsha bongo yeyote wa Tanga. Linahusu misitu ya Amani katika milima hiyo, linahusu historia, na jibu lake si la kubahatisha. Ukilipitia haraka huoni kasoro.

Sasa mwulize mtu aliyesoma habari za ua hilo kwa kina. Mwaka 1884 Sir John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikuwa tayari ameukusanya mmea wa aina hiyo kutoka mwambao wetu. Mwaka 1887 akafuata mmisionari W. E. Taylor, yule yule ambaye wasomi wa Kiswahili wanamjua kwa kazi yake ya kukusanya methali na mashairi ya Mombasa. Sampuli zao zilipelekwa bustani ya Kew, London, lakini hazikutosha kuandikiwa maelezo ya kisayansi. Mwaka 1892 ndipo von Saint Paul, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, alipouona mmea huo na kuupeleka Ujerumani kwa baba yake, Ulrich. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, na mwaka 1893 Wendland akauandika rasmi na kuuita Saintpaulia ionantha. Na kabla ya hao wote, Wasambaa na Wabondei walikuwa wakiupita kila siku kwenye mawe yenye kivuli kando ya vijito.

Kwa hiyo mshiriki wetu aliyesoma anabaki na majina matano mkononi, na watu wa milimani juu yake, huku saa inakwenda. Jirani yake aliyewahi kusoma mstari mmoja tu kuhusu baron anabonyeza kengele na kuondoka na alama. Hapa ndipo penye uchungu wa swali bovu. Asiyejua kitu hakupoteza chochote, na aliyejua kidogo alipata. Aliyeumia ni yule aliyejua zaidi, na chemsha bongo iliandaliwa kumtafuta yeye.

Tuitazame kasoro kwa karibu. Kosa limejificha kwenye kitenzi. "Kugundua" hapa kumebebeshwa kazi tano: kuuona mmea, kuukusanya, kuusafirisha, kuuandika kisayansi na kuupa jina. Kazi hizo hazikufanywa na mtu mmoja. Mtungaji alikuwa na mtu mmoja kichwani na hakuona kwamba kitenzi chake kinawaita wengine wanne waje kudai alama. Na hili si suala la heshima kwa wenyeji peke yake, ingawa heshima hiyo inawastahili. Hata tukiwaacha kando waliouona kabla ya Wazungu, bado Wazungu wenyewe ni wengi mno kwa kadi yenye nafasi ya jina moja.

Tulitengeneze. Jaribio la kwanza ambalo wengi wangeliandika ni hili: "Jina la Saintpaulia linatokana na nani?" Ni bora, lakini bado linavuja. Saint Paul ni jina la ukoo, na baba ndiye aliyeufikisha mmea kwa Wendland. Mshiriki akitaja "Ulrich von Saint Paul," jaji atamkatalia kwa hoja gani? Jaribio la pili: "Ni mtaalamu gani wa mimea aliyeupa mmea wa Saintpaulia ionantha jina lake la kisayansi mwaka 1893?" Sasa kitenzi kina kazi moja, mwaka umefunga mlango wa nyuma, na fani ya mtu imetajwa. Anabaki Wendland peke yake. Swali limerefuka kidogo, na liwe refu. Wapo waandaaji wanaoamini kwamba swali zuri ni la maneno sita. Ufupi ni mzuri pale tu jibu linapobaki moja.

Ila jihadhari na kuuliza jina la sasa la mmea huo. Mwaka 2015 wataalamu waliunganisha jenasi ya Saintpaulia na ile ya Streptocarpus, na leo ua la Usambara limeingizwa humo kwa jina la Streptocarpus ionanthus. Kadi iliyoandikwa kabla ya hapo imepitwa na wakati ingawa hakuna aliyeigusa. Ndiyo maana neno "sasa" katika swali linahitaji tarehe pembeni yake.

Ugonjwa huu haukuanzia kwetu, na fedha nyingi hazizuii kutokea kwake. Mwaka 1999, katika kipindi cha televisheni cha Uingereza kiitwacho Who Wants to Be a Millionaire?, mshiriki aliulizwa mchezaji wa tenisi anahitaji kuupiga mpira mara ngapi, kwa uchache kabisa, ili ashinde seti. Akajibu 24, na kadi ikasema 24. Hesabu inaonekana safi: seti ni gemu sita, kila gemu pointi nne, sita mara nne ni ishirini na nne. Lakini swali liliuliza mapigo, halikuuliza pointi. Katika gemu sita, tatu huanzishwa na mpinzani wako. Mpinzani akikosea kuanzisha mara mbili katika kila pointi, unashinda gemu zote tatu bila raketi yako kugusa mpira. Zinabaki gemu tatu za kwako, kila moja mapigo manne yasiyorudishwa, jumla 12. Mshiriki aliendelea na mchezo, akafikia pauni 125,000, na kosa lilipobainika baadaye akaachiwa fedha zake. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani kosa halikuwa lake. Lakini fikiria angekaa pale mwalimu wa tenisi akajibu 12. Angerudishwa nyumbani kwa kujua.

Zingatia tofauti. Swali la tenisi lilikuwa na maneno sahihi, kilichooza ni kadi. Swali la ua lina kadi inayoweza kutetewa, kilichooza ni maneno. Ni magonjwa mawili, na aliyeumizwa ni yule yule.

Turudi Amani, maana ni mahali pagumu kupatungia maswali. "Kituo cha Amani kilianzishwa mwaka gani?" Kituo kipi? Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo pale mwaka 1902, pamoja na bustani ya mimea ambayo ipo hadi leo. Waingereza wakaiendeleza kazi ya kilimo, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia utafiti huo ukahamia Muguga, Kenya. Majengo yakapokea watafiti wa malaria. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, nayo ina kituo chake cha Amani. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997. Mtu wa Muheza aliyekulia pale ana miaka kadhaa ya kukupa, yote ya kweli. Mgeni ana 1902 peke yake, kwa kuwa ndiyo aliyoisoma kwenye kipeperushi.

Jina lenyewe halisaidii. "Ni rais gani wa Zanzibar aliyeitwa Amani?" Abeid Amani Karume na mwanawe Amani Abeid Karume wote wana haki ya kusimama.

Mkonge nao una mtego. "Mkonge uliletwa Tanga kutoka nchi gani?" Asili ya mmea ni Mexico, lakini miche aliyoagiza Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893 ilitoka Florida, Marekani. Uliza badala yake: "Kati ya miche 1,000 ya mkonge ambayo Hindorf aliagiza kutoka Florida mwaka 1893, ni mingapi iliyosalimika?" Ni 62, na hakuna wa kubishana. Vita vya Tanga vya mwaka 1914 usiviulizie "tarehe", kwa sababu meli za Waingereza zilifika tarehe 2 Novemba na shambulio kubwa likawa tarehe 4. Uliza mwezi na mwaka.

Maneno ya kuogopa zaidi ni "kubwa" na "kwanza." Ziwa kubwa kuliko yote Afrika ni Victoria kwa eneo, ni Tanganyika kwa wingi wa maji. Na swali tunaloulizana tangu utotoni, "Tanzania ilipata uhuru lini?", lina jibu ambalo kila mtoto analitaja: 9 Desemba 1961. Siku hiyo iliyopata uhuru ni Tanganyika. Zanzibar ilipata wake tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili, na jina la Tanzania likaja Oktoba mwaka huo huo. Mtoto wa Pemba anayesita kabla ya kujibu hana upungufu wowote. Andika "Tanganyika" na kusita kwake kutaisha.

Dawa ya kiufundi ipo, na haigharimu fedha. Kadi ya majibu isiwe na jibu peke yake. Iwe na jibu linalokubalika, majibu ya karibu yanayokubalika pia, yale yanayokataliwa pamoja na sababu, na chanzo cha habari. Mtungaji akikaa kuandika sababu ya kumkatalia Kirk au Taylor, ataliona tundu la swali lake kabla halijafika ukumbini. Kisha ampe mtu mwingine anayelijua somo, amwambie atafute jibu la pili. Mtungaji hawezi kufanya kazi hiyo mwenyewe, kwa kuwa akilisoma swali lake anasoma na kilichomo kichwani mwake.

Kunakili hakusaidii. Mmarekani Fred Worth aliandika ensaiklopidia ya mambo madogo madogo, akapachika humo makusudi habari ya uongo kwamba jina la kwanza la mpelelezi Columbo wa televisheni ni Philip. Mchezo wa Trivial Pursuit ukaja na swali lenye jibu hilo hilo. Mwaka 1984 Worth alifungua kesi akidai dola milioni 300, na akashindwa, lakini ilikwisha kudhihirika jinsi kosa linavyohama kutoka kitabu hadi kadi bila mtu kulikagua.

Kwa waandaaji wa mashindano ya shule zetu, kuanzia Muheza hadi Pangani, nina ombi moja. Wekeni kanuni ya rufaa kabla ya swali la kwanza kusomwa. Mshiriki akidai jibu lake ni sahihi, apewe dakika moja aeleze mbele ya majaji, na akithibitisha, apewe alama yake palepale, hata kama kadi inasema vingine.