Wasia wa Mwana Kupona: Tumeusoma Nusu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Msomaji mpenzi, katika pwani yetu hii, toka Lamu mpaka Mombasa na hata Unguja, ni shida kumpata mtu mzima asiyepata kulisikia jina la Mwana Kupona binti Msham. Utendi wake husomwa maarusini, na wako mabibi waliouhifadhi kwa moyo, wakawa hawana haja ya karatasi. Lakini kitu kikizoeleka mno, watu huacha kukitazama. Nami naona utendi huu umefikwa na jambo hilo: twautaja sana, twausoma kidogo, na hicho kidogo ni kipande kimoja tu cha katikati.

Nilipata kuwa katika nyumba ya arusi, nimekaa chumbani na wanawake wenzangu, na somo anampa biarusi nasaha zake. Akasoma katika utendi mambo ya mume: usitoke ila kwa ruhusa, usijibizane naye, akilala usimwamshe kwa kelele, mtunze kama atunzwavyo mtoto. Biarusi ameinamisha kichwa, nasi twaitikia. Mara kijana mmoja wa kike, nduguye biarusi, akauliza, "Bibi, na bwana arusi, yeye anausiwa na nani?" Watu wakacheka. Somo akamwambia anyamaze, kisha akaendelea na usomaji wake. Nami nilicheka pamoja nao.

Lakini swali lile lilifuatana nami mpaka nyumbani. Nikaushusha utendi kabatini, nikausoma toka mwanzo hata mwisho kwa kituo. Nikaona kuwa kosa si la yule kijana kuuliza. Kosa ni letu sisi tuliomcheka.

Kwanza yafaa tujue ni nani huyu aliyesema, na alisema akiwa katika hali gani. Mwana Kupona alikuwa mtu wa Pate, mke wa Bwana Mataka, aliyekuwa mkubwa wa Siyu na aliyepambana na Sayyid Said wa Unguja. Alipoutunga utendi huu katika mwaka 1858, mumewe alikwisha kufa, na yeye mwenyewe amelemewa na maradhi yaliyotimiza mwaka. Bintiye, Mwana Hashima, alikuwa kijana wa miaka 17 hivi. Mama akamwita akae karibu, alete wino na karatasi, kwani ana wasia moyoni. Basi haya si maneno ya mtu aliyekaa kitako akitafuta sifa za ushairi. Ni maneno ya mama aonaye kuwa huenda siku zake zimekaribia, na mwanawe bado hajaijua dunia.

Hili ndilo linaloupa utendi nguvu zake. Hauna maneno ya kujionyesha. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane minane, na vina vya mwisho vyarudi pale pale toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho, beti mia na ushei, mfano wa mtu apangaye shanga katika uzi mmoja. Na mwenyewe Mwana Kupona asema kuwa ataka kumvika bintiye pambo la lulu na marijani. Sasa mtu akizikata shanga za katikati akazivaa hizo tu, je, atasema amevaa kidani?

Tutazame basi mpango wake. Jambo la kwanza analomuusia bintiye ni dini: ashike faradhi asizipunguze, na sunna kila awezapo. La pili ni adabu na ulimi mwema, apate kupendwa kila aingiapo. La tatu ni ukweli, ashikamane na haki na asiandamane na asiyeijua haki. Kisha amfundisha mambo ambayo mtu huyaona madogo: kuwainukia wakubwa, kuwa mchangamfu, kusema na watu kwa maneno yasiyo na hila, na yakiwa ni mazungumzo ya karaha basi kunyamaza ni bora. Amkataza kudhania watu mambo asiyoyaona kwa macho yake. Amtahadharisha na kunong'onezana. Yote haya yamekuja kabla hajafika kwa mume!

Mpango huu haukuja kwa bahati. Ni mpango wa mtu aliyeijua dini yake. Qur'ani Tukufu katika Suratul Hujurat, aya ya 12, imetukataza dhana nyingi, na kupelelezana, na kusengenyana, ikaufananisha usengenyaji na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Na Mtume (S.A.W.) alipata kuhadithiwa habari za mwanamke mwenye kusali sana na kufunga na kutoa sadaka, lakini huwaudhi majirani zake kwa ulimi wake, akasema kuwa huyo ni wa motoni. Mwana Kupona hakuitenganisha sala na ulimi, wala msala na ukumbi. Kwake yeye ibada huanzia kwenye faradhi ikatoka nayo mpaka mlangoni, mtu apokeapo wageni wake.

Je, sisi twaitazama sehemu hii? Mwanamke hupewa nasaha ya mume usiku kucha, kisha wale wale waliompa nasaha wakitoka nje huanza kunong'ona: nyumba ya biarusi ilikuwa hivi, mahari yalikuwa vile, mama mkwe alivaa nini. Na siku hizi mnong'ono hauna haja ya kuvuka hata barabara, kwani umehamia kwenye simu, na neno moja huzunguka mji mzima kabla sahani hazijaoshwa. Tumemfunza biarusi ubeti wa katikati, na sisi wenyewe tumeziruka beti za mwanzo.

Sasa twende kwenye hilo la mume, kwani sisemi kuwa halimo, wala sisemi lifutwe. Limo, na limechukua mahali pakubwa. Mwana Kupona amwambia bintiye kuwa kiumbe ahitaji radhi tano ili apate raha ya dunia na akhera: ya Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Hapa pia nawaomba wasomaji waitazame hesabu. Radhi ya mume ni ya tano. Mwenye kumfundisha binti radhi hiyo moja, asimfundishe nne zilizoitangulia, amemjengea nyumba kwa kuanzia paa.

Na kuna mahali ambapo sisi wasomaji hatuna budi kupima. Mwana Kupona asema kuwa siku ya kufufuliwa mume ataulizwa atakalo juu ya mkewe, na litakalotoka kwake ndilo litakalotendwa. Bila shaka alikusudia kumtia bintiye hima, na imepokewa katika Hadithi kuwa mwanamke afaye hali mumewe yu radhi naye ataingia Peponi. Lakini hukumu ya siku ile ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na Qur'ani imetwambia katika Suratul An'am, aya ya 164, kuwa hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Mume dhalimu hakupewa ufunguo wa Pepo aufungie mlango mke mcha Mungu. Ubeti huu ukisomwa peke yake, mbele ya kijana asiyejua, huweza kumtia hofu ya kiumbe mahali palipopasa hofu ya Muumba. Basi somo ausomapo aufasiri, asiuache ukaning'inia.

Liko na jingine la kupima. Mwana Kupona amkataza bintiye kuchanganyika na watumwa ila wakati wa kazi. Hayo ni maneno ya mtu wa zama zake na daraja yake, na zama hizo zimekwisha: utumwa uliondolewa kisheria Unguja katika mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya katika mwaka 1907. Lakini alama ya fikra ile haijafutika. Wangapi miongoni mwetu wana mtumishi wa nyumbani ambaye hula mwisho, jikoni, katika sahani yake mbali? Na Mtume (S.A.W.) alikwisha kumfunza Abu Dharr (R.A.) kuwa walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tuwalishe tulacho na tuwavishe tuvaacho. Hapa mtunzi asifuatwe. Kumpenda Mwana Kupona si kusema kuwa hakukosea. Naye mwenyewe ajiita mwenye dhambi, na amuomba Mola amsamehe.

Turudi kwa swali la yule kijana: bwana arusi anausiwa na nani? Utendi haukumjibu wazi, kwani mama alikuwa akisema na binti. Na huu ndio upungufu wake ukifanywa kitabu cha ndoa, hali mwenyewe hakuutunga uwe hivyo. Werner na Hichens walipouchapa kwa tafsiri ya Kiingereza katika mwaka 1934, waliupa jina lenye kutaja wajibu wa mke, na jina kama hilo humfanya msomaji aingie akitafuta jambo hilo moja. Lakini tusiwalaumu wageni. Sisi wenye lugha tumefanya vivyo hivyo bila ya kubadilisha jina.

Hata hivyo, mwenye kusoma kwa kituo ataona kuwa jibu limepita kwa mbali. Mwana Kupona amhadithia bintiye maisha yake na baba yake: walikaa kwa furaha na kicheko, kila mmoja akimvunjia mwenzake heshima katu hakuwa, na saa ya mauti ilipofika, mume alimkariria mkewe kuwa yu radhi naye. Tazameni, ndugu zangu. Radhi ile ilikuwa na mdomo. Bwana Mataka, mtu wa vita na utawala, aliitamka kwa ulimi wake. Waume wangapi leo wadai radhi isiyokwisha, na wao hawajapata kusema hata neno moja la shukrani juu ya chakula walichopikiwa miaka ishirini?

Na jibu kamili liko katika Kitabu na Sunna. Suratun Nisaa, aya ya 19, imewaamrisha waume wakae na wake zao kwa wema. Mtume (S.A.W.) amesema kuwa mbora wetu ni yule aliye bora kwa ahali zake, na kuwa yeye ndiye mbora wetu kwa ahali zake. Alipoulizwa Bibi Aisha (R.A.) Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Huo ndio wasia wa bwana arusi, na wa kumuusia ni babake, na mjombake, na sheikh aliyemuozesha. Wakinyamaza wao, maneno ya somo yatakuwa yameangukia upande mmoja wa mizani.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Utendi wa Mwana Kupona ni katika hazina bora tulizorithi, na hapana haja ya kuuficha wala kuuonea haya. Lakini usomwe wote. Usomwe majumbani si siku ya arusi tu, bali watoto wakiwa wadogo, wa kike na wa kiume pamoja, kwani ulimi mwema, na ukweli, na kutomrudisha mhitaji mlangoni si mambo ya mwanamke peke yake. Usomwe hata mwisho wake, pale mama aachapo kuusia akaanza kuomba, akiwaombea wanawe na ndugu zake na jamaa zake. Mtu akifika hapo atafahamu kuwa aliyekuwa akisema hakuwa na fimbo mkononi. Alikuwa na tasbihi.

Na yule kijana aliyeuliza, nimemwia radhi. Nimemwambia kuwa swali lake lilikuwa la adabu, na kicheko chetu ndicho kilichokosa adabu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana Kupona na wazee wetu wote waliotuachia maneno mema, azitengeneze nyumba zetu, na azijaalie ndimi zetu ziwe nyepesi kwa kheri na nzito kwa shari. Amin.