Fani Iliyotangulia Maudhui: Uhakiki wa Albamu ya Uzeeni ya The Cure

Tangu kidato cha tano tumekaririshwa kwamba fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Mwanafunzi anayeandika vinginevyo kwenye mtihani anajitafutia balaa. Kanuni hii sina nia ya kuibomoa, lakini kuna jambo moja ambalo hailigusi, nalo ni wakati. Je, pande hizo mbili huzaliwa siku moja? Mimi naona ziko kazi za sanaa ambazo fani yake ilikuwa tayari zaidi ya miaka thelathini kabla maudhui yake hayajafika. Mfano ninaotaka kuujadili unatoka katika muziki wa roki wa Uingereza: Songs of a Lost World, albamu ya bendi ya The Cure iliyotolewa tarehe 1 Novemba 2024.

Kwa wasioifahamu bendi hii, ilianzia Crawley, mji ulio kusini ya London, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1979. Mwimbaji na kiongozi wake ni Robert Smith, aliyezaliwa 1959. Albamu iliyotangulia hii ilitoka mwaka 2008. Yaani miaka 16 ilipita bila albamu mpya! Katika miaka hiyo walizunguka dunia wakipiga zaidi zile ambazo huku kwetu tungeziita zilipendwa, na tangu 2019 Smith akawa anaahidi kwamba kazi mpya iko karibu. Ikaja kesho, ikaja keshokutwa. Ilipotoka hatimaye ilikuwa na nyimbo 8 tu, zisizofikisha dakika 50, na ikashika nafasi ya kwanza Uingereza, jambo lililokuwa halijawatokea tangu Wish ya mwaka 1992.

Wahakiki wengi wa magazetini waliisifu kwa kusema kwamba bendi imerudi kwenye ubora wake wa Disintegration, albamu ya mwaka 1989. Sifa sizikatai. Ninachokikataa ni hilo wazo la kurudi. Wazo hili linachukulia kwamba roki ni mali ya vijana, na kwamba mzee akifanya vizuri basi amefaulu kuwa kijana tena kwa muda, kama mtu aliyepaka nywele dawa.

Wapo wanaofanya hivyo hasa, na si vibaya kuwatazama kwanza. Rolling Stones walitoa Hackney Diamonds Oktoba 2023, Mick Jagger akiwa na miaka 80. Ni albamu inayochangamsha, nami nimeicheza mara nyingi tu. Lakini sehemu kubwa yake inajitahidi kuuficha umri: mapigo ya haraka, ugomvi wa mapenzi, mikogo ileile ya zamani. Hata ngoma za marehemu Charlie Watts, aliyefariki 2021, zinasikika katika nyimbo mbili bila mtu kusimama kumwombolezea. Mpaka unapofika wimbo wa mwisho. Hapo wanaimba wimbo wa Muddy Waters ambao ndio ulioipa bendi jina lake, na wanabaki wawili, Jagger na Keith Richards, gitaa na kinanda cha mdomo. Ghafla, kwa dakika zisizofika tatu, unawasikia wazee wawili waliofahamiana tangu utotoni. Mimi ningeomba albamu nzima ya namna hiyo.

The Cure wameipata albamu nzima ya namna hiyo, na hawakuipata kwa kubuni fani mpya. Hebu tuisikilize "Alone", wimbo wa kwanza. Ala zinacheza kwa zaidi ya dakika tatu kabla Smith hajafungua kinywa. Ngoma zinatembea polepole, nzito, mithili ya watu wanaotoka makaburini; besi ya Simon Gallup inakwaruza chini; kinanda kinatanda juu ya vyote. Msikilizaji anaanza kujiuliza kama kuna mwimbaji kweli. Kisha sauti inaingia, na wimbo umeshafika karibu nusu. "Endsong", wimbo wa mwisho, ni mkaidi zaidi: una dakika kumi na ushei, na sauti inangoja mpaka baada ya dakika ya sita.

Sasa, mbinu hii si mpya kwao. Disintegration nayo inafunguka kwa "Plainsong", wimbo ambao ala zake zinaongea zaidi ya dakika mbili kabla ya mwimbaji. Mwendo wa polepole, urefu, ule ukungu wa vinanda, vyote vilikuwapo mwaka 1989. Basi kilichobadilika ni nini? Wakati ule Smith alikuwa anakaribia miaka 30, na alikuwa anaiogopa hiyo thelathini. Huzuni yake ilikuwa ya kutabiri, ya kijana anayelia msiba ambao haujabisha hodi. Mwaka 2000 alijaribu tena katika Bloodflowers, ambamo mna wimbo uitwao "39" unaohusu kuisha kwa moto wa utunzi. Eti miaka 39! Nadhani wazee wetu wangecheka. Nyumba ya maombolezo ilikuwa imeshajengwa, ila wafiwa hawajaingia.

Kisha wakaingia. Katika miaka iliyotangulia albamu hii Smith alifiwa na wazazi wake na kaka yake mkubwa, Richard. "I Can Never Say Goodbye" ni wimbo wa huyo kaka. Kinanda kinapiga noti chache tu, zilezile, zinazunguka na kurudi. Katika nyimbo zake za ujanani Smith alikuwa fundi wa taswira, buibui na misitu na vioo. Hapa taswira ni chache na lugha ni ya kawaida karibu yote, lugha ya mtu anayekupa habari mlangoni. Na kichwa cha wimbo kinakiri kwamba kazi ambayo wimbo wa maombolezo hutarajiwa kuifanya, yaani kuaga, haitafanyika. Kwangu huu ndio wimbo bora kabisa wa albamu.

Kuna ushahidi mwingine ambao mwanafunzi wa fasihi atauthamini. Smith ameeleza kwamba alihangaika kupata mshororo wa kufungulia "Alone" hadi alipokumbuka shairi "Dregs" la Mwingereza Ernest Dowson, na hapo ndipo alipojua kuwa albamu ipo kweli. Dowson alifariki mwaka 1900 akiwa na miaka 32. Tazama kinaya hicho! Mzee wa miaka ya sitini anatafuta maneno ya kuuimba mwisho, na anayaazima kwa kijana ambaye hakuuona uzee hata kwa mbali. Dowson naye alikuwa ametengeneza fani ya machweo kabla ya jua lake kufika mchana.

Najua kuna wenzangu watakaoleta nadharia ya Edward Said hapa. Katika kitabu On Late Style, kilichotoka 2006 baada ya kifo chake, Said anamfuata Adorno, aliyeandika juu ya Beethoven mwaka 1937, na kudai kwamba kazi kubwa za uzeeni mara nyingi hazina upatanisho: ni kaidi, zimevunjika, hazitaki kuunganika. Nadharia nzuri, lakini haikai hapa. The Cure hawakuvunja kitu. Wamejenga kwa matofali yaleyale. Ukaidi wao ni ule wa kutokuharakisha, basi.

Pingamizi kubwa zaidi ni la wafuasi wa Barthes: kwamba ninasoma wasifu wa mtu badala ya kazi yake, na kwamba mwandishi alishakufa tangu 1967. Sawa, tumwache Richard, tuuache na mwaka wa kuzaliwa. Bado kuna kitu masikioni. Sauti ya Smith karibu haijazeeka. Inapanda na kulalamika vilevile kama ya kijana wa 1989, na sauti hiyo ndiyo inayobeba maneno ya nafsineni aliyezeeka. Mgongano huo haumo kwenye wasifu, umo kwenye rekodi. Mimi nina miaka 22 na sijamzika mzazi, namshukuru Mungu. Lakini nilipousikia mgongano huo sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

Albamu haikosi kasoro. "Warsong" unachanganya ugomvi wa watu wawili na vita vya walimwengu, na mwisho hatujui tumlilie nani. "Drone:Nodrone" una gitaa kali la Reeves Gabrels, aliyewahi kufanya kazi na David Bowie, lakini umekaa pale kama mgeni aliyekuja msibani na redio. Ungeachwa nje nisingeutafuta.

Turudi kwenye "Endsong". Nafsineni amesimama nje gizani, anatazama mwezi, anamkumbuka mtoto aliyekuwa yeye. Smith alikuwa na miaka 10 binadamu walipotua mwezini mwaka 1969. Mwezi ni uleule, na mtoto hayupo. Siku albamu ilipotoka, bendi iliipiga yote kwa mpangilio wake katika ukumbi wa Troxy, London. Baada ya "Endsong" hawakwenda nyumbani. Wakageukia nyimbo za zamani, zikiwemo za Disintegration, hadi jumla ikafika nyimbo 31. Asiyekubaliana nami azisikilize hizo za 1989 hapo zilipowekwa, nyuma ya "Endsong", kisha aniambie kama bado ni nyimbo za kijana.