Jalada Lililomsahau Mwanafunzi

Jalada la jarida linalohusu kiwango cha elimu huanza na swali la nani akae katikati yake. Fonti, rangi na ukubwa wa herufi huja baadaye, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuliokoa jalada lililokosea swali hilo. TIME la Marekani, toleo la tarehe 3 Novemba 2014, lilikosea. Katikati paliwekwa nyundo ya jaji na tofaa linalongoja pigo, pamoja na maneno makubwa yanayozungumzia matofaa yaliyooza, yaani walimu wabaya. Mwanafunzi hayumo.

Kazi ya mikono haina lawama: ukingo mwekundu ambao jarida hilo limeushikilia tangu 1927 uko mahali pake, picha ni safi, maandishi yanasomeka kwa mbali.

Kosa ni la uamuzi. Habari yenyewe ilihusu kesi ya Vergara dhidi ya Jimbo la California. Walioifungua walikuwa wanafunzi tisa wa shule za umma, na kesi ikabeba jina la mmoja wao, Beatriz Vergara. Walidai kwamba sheria za ajira zinazofanya iwe vigumu kumwachisha kazi mwalimu asiyefaa ziliwanyima haki ya kupata elimu sawa na wengine. Juni 2014 Jaji Rolf Treu akawapa ushindi. Kwa hiyo waliopanga jalada walikuwa na vijana tisa wenye kila sababu ya kuwa pale mbele, wakachagua tunda. Ni nadra msanifu kupewa zawadi kama hiyo. Ni nadra zaidi kuona ikirudishwa.

Ujanja wa picha unaeleweka. Katika desturi ya Marekani tofaa ni zawadi ya mtoto kwa mwalimu wake, na kulipiga nyundo ni kuigeuza zawadi hiyo kuwa kielelezo cha mashitaka. Lakini mpangilio huo unabakiza watu wawili tu, hakimu na mshitakiwa. Mtoto aliyelileta tofaa mezani amekwisha kutolewa nje ya chumba. Isitoshe, ishara yenyewe haisafiri: kwa msomaji wa Kisangani, nchini Kongo, ambako hakuna anayempelekea mwalimu tofaa, inabaki nyundo juu ya tunda.

Maneno yaliyoandamana na picha yalizidisha ubaya. Yalisema kwamba kumfukuza mwalimu mbaya karibu haiwezekani, na kwamba matajiri wa teknolojia huenda wamepata njia. Tajiri aliyekusudiwa zaidi alikuwa David Welch, mfadhili wa kesi. Makala ya Haley Sweetland Edwards ndani ya jarida ilikuwa imepimwa zaidi kuliko jalada lake, na hilo lilikuwa moja ya malalamiko ya chama cha walimu cha AFT kilichoongozwa na Randi Weingarten, ambacho kilikusanya saini za kupinga. Jalada linaloishinda makala yake kwa ukali huwa limeandikwa na idara ya mauzo, hata kama aliyelichora ni msanii.

Kuna hasara nyingine ambayo wasanifu huisahau. Nyundo ni picha ya hukumu, na hukumu hukatiwa rufaa. Aprili 2016 mahakama ya rufaa ya California ilitengua uamuzi wa Jaji Treu, na Agosti mwaka huo Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuisikiliza kesi. Nyundo ya 2014 ikabaki ikipiga hewa. Uso wa mwanafunzi hautenguliwi na mahakama yoyote.

TIME lilikuwa limekwisha kuteleza njia hiyohiyo. Jalada lake la tarehe 8 Desemba 2008 lilimwonyesha Michelle Rhee, msimamizi wa shule za Washington, akiwa darasani na ufagio mkononi. Angalau alikuwa mtu, na angalau ufagio unaeleweka Kinshasa kama unavyoeleweka Washington. Hata hivyo, darasa lilikuwa la mkubwa anayefagia, si la watoto wanaosoma.

Wazee wa kazi hii barani Afrika hawakuhitaji kufundishwa hilo. Jarida la Jeunes pour Jeunes, lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1968 na Achille Ngoye na Freddy Mulongo, liliwapa vijana wahusika wa mtaani kwao, akiwemo Apolosa, askari polisi wa Denis Boyau. Jarida la Joe la Nairobi, la Terry Hirst na Hilary Ng'weno, lilitoka kuanzia 1973 likimweka mwananchi wa kawaida mbele, na watu wa mjini wakajiona ndani ya mistari ya Hirst. Barly Baruti, mchoraji aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, ni uthibitisho kwamba mkono wa kuchora watu wenye uhai haulazimiki kuagizwa Ulaya. Jarida la Fema la Tanzania, linalosambazwa katika shule za sekondari, hutumia picha za vijana wa kawaida. Hilo linatosha kusifiwa.

Kosa la nyundo likihamishiwa Tshopo, mkoa wa Kisangani, huwa zito zaidi. Tangu Septemba 2019, serikali ya Kongo ilipotangaza shule za msingi za umma kuwa bila malipo, madarasa yalifurika, huku walimu wengi wakiendelea kufundisha bila mshahara wa serikali kwa sababu majina yao hayamo katika orodha ya malipo. Kuwapigia hao nyundo ni kukosea mlango.

Picha inayofaa ni ya benchi. Katika shule ya upande wa Bangboka, mashariki ya Kisangani, kitabu kimoja mbele ya watoto watatu kinaeleza kiwango cha elimu kuliko ishara yoyote ya mahakama. Kamera ishushwe hadi usawa wa macho ya mtoto aliyeketi. Ikipigwa kutoka kimo cha mtu mzima aliyesimama, mtoto anageuka mtu wa kuhurumiwa. Upigaji ufanyike asubuhi, mwanga ukiingia dirishani kwa ubavu. Ubao mweusi na mlango uliojaa jua hudanganya kipimo cha mwanga, kwa hiyo kipimo kichukuliwe kwenye shavu la mtoto, la sivyo ngozi yake itatoka kama kivuli. Ruhusa ya mzazi hutangulia yote hayo.

Kofia ya digrii isiwepo. Mazoea ya kubandika kofia hiyo kwenye kila jalada la elimu, hata linapohusu mtoto wa darasa la tatu, ni uvivu uliozeeka.

Kichwa cha habari kinaweza kubeba takwimu, mradi iwe moja. Benki ya Dunia imekadiria kwamba nchini Kongo watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi rahisi. Tarakimu 97 peke yake hutisha bila kueleza. Ikiwekwa chini ya macho ya mtoto anayemtazama msomaji, inapata mwenyewe. Isiwekwe kifuani mwake, maana hapo inakuwa namba ya mfungwa.

Rangi hupimwa kwa fotokopi. Jarida lililochapwa Kinshasa hufika Kisangani kwa ndege kupitia uwanja wa Bangboka au kwa mto, safari ya kilomita zipatazo 1,700, na wanafunzi wasiomudu nakala halisi hurudufisha kurasa kwa nyeusi na nyeupe. Maandishi mekundu juu ya kijani, yanayopendeza kwenye kompyuta, hutoka kwenye mashine hiyo kama kijivu juu ya kijivu. Kabla ya faili kwenda kwa mchapaji, jalada ligeuzwe kuwa kijivu; kichwa kisiposomeka, rangi zibadilishwe.

Pande zote ziachiwe milimita 3 za kukatwa. Uso wa mtoto usikae katikati kabisa ya karatasi, kwa kuwa jarida hukunjwa mara mbili likisafiri mfukoni au kwenye toleka, baiskeli ya kubebea abiria, na mkunjo hula wino kwanza pale unapopita.