Leseni ya Kilevi na Ulimi wa Msanii

Mwezi wa Oktoba 2018, kamati ya leseni ya halmashauri ya Haringey, kaskazini mwa London, ilikaa kusikiliza malalamiko juu ya Wireless, tamasha la muziki wa kufokafoka lililohamia katika bustani ya umma ya Finsbury Park mwaka 2014. Aliyeomba leseni ichunguzwe upya ni jumuiya ya wakaazi, Friends of Finsbury Park. Tamasha halikufungiwa, bali lilipewa masharti. Siku ya Jumapili muziki unyamaze saa tatu na nusu usiku. Mwandalizi awaombe wasanii wasiimbe nyimbo chafu, wala wasitoe maneno na ishara za matusi jukwaani. Na mavazi yao yasiache wazi viungo vya siri. Hivyo karatasi ileile inayoruhusu muziki kupigwa na vileo kuuzwa ikajipa kazi ya pili: uhakiki wa mashairi.

Kazi hiyo inastahili kuhakikiwa nayo. Sheria ya leseni ya mwaka 2003, inayotumika England na Wales, imesimama juu ya malengo manne: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa umma, kuzuia kero, na kuwalinda watoto wasidhurike. Mpenzi wa tarbia ataona hapo ubeti kamili wa mishororo minne. Mitatu ya mwanzo inahusu mambo yanayoonekana na kusikika. Wa nne, mahali pa kituo, ndiko hukumu juu ya lugha inakoweza kupata pa kuegemea. Lakini katika ubeti mzima wimbo hautajwi kwa thamani yake. Unaingia kwa mlango mmoja na chupa, nao unapimwa kwa madhara tu.

Haifai, hata hivyo, kuwabeza wakaazi. Finsbury Park ilifunguliwa mwaka 1869 ili watu wa mitaa iliyosongamana wapate pa kupumulia. Uzio wa tamasha unapojengwa katika siku bora za kiangazi, mwenye bustani huwa mgeni nje ya lango la bustani yake. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba halmashauri ina uwezo, chini ya sheria ya mwaka 1972, wa kukodisha sehemu ya bustani kwa shughuli kama hizo. Na halmashauri hutaja mapato yake kuwa msaada wa matunzo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimnyamazishi mzazi ambaye matusi yanamfikia kupitia dirisha la chumba cha mwanawe. Kero yake ni ya kweli.

Kasoro iko katika dawa iliyochaguliwa. Ukali wa sauti una kipimo, saa ya kufunga ina kipimo, na umri wa mnunuzi wa bia una kipimo, nao ni miaka 18. Neno halina mizani ya namna hiyo. Tena sharti limeandikwa kwa sura ya ombi, ilhali ombi lenye leseni nyuma yake haliko mbali na amri. Mwandalizi atamwomba msanii, msanii atajichuja mwenyewe, na hapana atakayejua ni ubeti gani ulioachwa nyumbani.

Watu wa pwani hawahitaji kusafiri hadi London kulitambua jambo hili. Mwimbaji wa taarabu anaweza kutaja ndege, ua, au chombo kilichopigwa na wimbi, na ukumbi mzima ukajua nani kasemwa na kwa ubaya gani. Mwanamke anaweza kujifunga kanga yenye maneno safi kabisa, jirani yake asilale usiku huo. Orodha ya maneno machafu haimgusi hata mmoja wao. Wavu wa aina hii huvua dagaa na kumwacha papa apite.

Lakini hatari kubwa zaidi iko upande wa pili, pale ambapo wimbo unataja uovu ili kuukemea. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake za mwanzo Bombay mwaka 1928, aliimba "Kijiti", wimbo uliotokana na mkasa wa kweli wa mwanamke aliyeuawa Unguja. Muuaji alivuka maji akaokoka. Waliojitokeza kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani, na pombe iliyonunuliwa siku ile ikawa sehemu ya kesi yao. Sheria ilikuwa na macho ya kuiona chupa, isiwe na macho ya kumwona maiti. Wimbo ndio uliomwona. Mkaguzi mwenye orodha mkononi angekuta humo ulevi, damu na aibu ya mahakama, naye angeweza kuuita mchafu kwa nia njema kabisa.

Swali hili halijaisha visiwani, ambako Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni limebeba jina la sensa waziwazi. Palipo na kibali pana swali la mipaka yake. Sheria ya England na Wales yenyewe imewahi kuonesha njia ya kutenganisha mambo: tangu 2012, muziki wa moja kwa moja usiotumia vipaza sauti hauhitaji leseni kati ya saa mbili asubuhi na saa tano usiku. Hapo kinachopimwa ni ukubwa wa sauti na saa. Maana ya wimbo imeachwa huru.

Basi mamlaka na ipime vinavyopimika: uzio uondolewe lini, spika zielekee wapi, baa ifungwe saa ngapi, nyasi arudishe nani. Sauti ikishushwa, mtoto aliye kitandani hatasikia tusi wala tenzi, na mzazi wake atakuwa amepata haki yake yote. Ama ubaya au uzuri wa maneno, wenye kuuamua ni wasikilizaji waliokuja kusikiliza, pamoja na wahakiki watakaoweka majina yao chini ya hukumu zao.