Betri Mbili, Bariadi Hadi Lamadi na Kurudi

Swali la kwanza kijiweni ni lilelile: "Kaka, hiyo ikijaa chaji inafika wapi?" Swali zuri, na jibu lake ni tamu, nitalifikia. Ila naomba mniache kwanza niseme habari ya mvuto, maana tangu nishuke kwenye hii pikipiki ya umeme yenye betri mbili sijatulia. Jamani, inavuta! Unafungua mkono kidogo tu: hakuna klachi, hakuna kupangua gia, hakuna kusubiri injini ichangamke. Nguvu yote inakuja papo hapo, na abiria wa nyuma anakushika kiuno bila kupenda.

Mashine yenyewe imetoka China na umbo lake ni la Boxer kabisa, hadi tanki la bandia mahali pa tanki na keria ya chuma nyuma. Mota ya kilowati 3 imekaa ndani ya ringi ya nyuma, kwa hiyo hakuna mnyororo wa kukaza wala wa kupaka oili chafu. Ukiibana, kwa muda mfupi inapanda hadi karibu kilowati 6. Chini ya lile tanki la bandia kuna nafasi mbili, na uhondo wote uko hapo. Unaweza kuinunua na betri moja ya volti 72 na ampea-saa 40, au ukaongeza ya pili iliyo pacha wake. Zidisha mwenyewe: 72 mara 40 ni wati-saa 2,880, yaani uniti 2.88 kwa lugha ya Luku. Mbili ni uniti 5.76. Mwenyewe, kijana wa hapa mjini aliyeiagiza kwa hela yake, alinikubalia niijaribu kwa hali zote mbili. Pikipiki ileile, dereva yuleyule, mzigo uleule. Utapata wapi mtihani mzuri kuliko huo?

Tukapakia gunia la mahindi la kilo mia. Kwanza betri moja. Kwenye tambarare ya kuelekea Nyakabindi, pale vilipo viwanja vya Nane Nane, mambo safi kabisa, kioo kinasoma volti 78. Tukageuza, tukaingia njia ya vumbi, tukaanza kupanda kutoka bondeni. Hapo kioo kikaanza kusema ukweli: 76, 74, 72. Mlio mwembamba wa mota ukawa mnene, mwendo ukapungua huku mkono wangu ukiwa umefunguka hadi mwisho. Ilipanda, siwezi kuisingizia, ila ilipanda kwa kujikongoja.

Tukaongeza betri ya pili. Mwinuko uleule, gunia lilelile. Volti zikashuka hadi 75 na kugoma hapo! Mota haikubadilisha hata sauti. Nilijikuta nacheka peke yangu ndani ya helmeti.

Watu wengi wanakosea hapa, wakidhani betri kubwa ni sawa na tanki kubwa: inaongeza umbali, basi. Sivyo. Tanki likiwa kubwa injini haiongezeki nguvu. Betri ikiwa kubwa, pikipiki nzima inabadilika tabia. Kila betri ina ukinzani wake wa ndani, na kadiri unavyoidai ampea nyingi ndivyo volti zake zinavyodondoka na ndivyo umeme mwingi unavyogeuka joto humohumo ndani, kabla haujafika kwenye mota. Mlima na gunia vinadai ampea 80. Betri moja inazitoa zote peke yake. Zikiwa mbili sambamba, kila moja inatoa 40, na kwa kuwa joto linakwenda kwa mraba wa ampea, kila betri inapata robo tu ya joto lile. Ukijumlisha zote mbili, umeme unaopotea umepungua kwa nusu. Ng'ombe mmoja aliyefungwa plau peke yake kwenye tope la mbuga, na jozi iliyozoeana: shamba ni moja, jasho si moja.

Kuna na faida ya pili inayotokana na hiyohiyo. Mota ya aina hii kasi yake ya juu inategemea volti inazopata. Volti zikizama, kasi nayo inazama. Ndiyo maana yenye betri mbili inabaki na spidi yake hata ikiwa imebeba, ingawa kwenye karatasi zote zimeandikwa volti 72. Na betri inapokaribia kuisha mambo huwa mabaya zaidi: ikifika asilimia 20, ya betri moja inajibana yenyewe, kwa sababu ubao unaolinda seli hautaki volti zishuke kupita kiasi. Utatembea, lakini bodaboda za petroli zitakupita huku zikikupigia honi.

Nikitaka kuelewa jambo hili huwa nawafuatilia watu wa gurudumu moja la umeme, kile chombo cha kusimama juu yake, miguu huku na huku, bila usukani, kilichoingia sokoni mwaka 2011 kwa jina la Solowheel, kazi ya mvumbuzi wa Marekani aitwaye Shane Chen. Kwao betri ni suala la meno. Gurudumu lile halisimami lenyewe. Mota ndiyo inayomshikilia mtu asianguke mbele, kila sekunde, kwa umeme wa betri. Volti zikidondoka na mota ikakosa nguvu ya kumshikilia, dereva anabusu lami. Kwa hiyo wakakimbilia betri kubwa. Mwaka 2020 likatoka gurudumu liitwalo Veteran Sherman, wati-saa 3,200! Hebu fikiria: gurudumu moja la kilo 35 hivi limebeba umeme mwingi kuliko betri moja ya pikipiki hii inayopandisha gunia. Wenzetu hawakuitaka betri ile kwa ajili ya safari ndefu tu. Waliitaka ili chombo kisiwasaliti katikati ya mwendo.

Sasa lile swali la kijiweni, inafika wapi. Chukua Lamadi. Kutoka Bariadi ni kilomita 71.8 za lami, ukipitia Dutwa. Kwa mwendo wa 50 na abiria mmoja, pikipiki hii inakula wati-saa 38 hivi kwa kilomita. Betri moja inakupa kilomita 75. Unafika Lamadi ukiwa na roho mkononi, kisha unaanza kuulizia nani ana soketi. Ukijifanya una haraka ukaenda 70, upepo unakula betri, matumizi yanapanda hadi 50 kwa kilomita, na Lamadi huioni: utazimikia porini, Dutwa umeshaipita. Betri mbili ni kilomita 150. Kwenda na kurudi ni 143.6. Unakwenda, unakula sangara wako, unarudi Bariadi na chenji kidogo!

Na hela? Ukihesabu upotevu wa kwenye chaja, kuzijaza zote mbili ni uniti 6.4. Kwa shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni kama shilingi 2,280, Lamadi kwenda na kurudi. Pikipiki ya petroli inayokwenda kilomita 45 kwa lita ingekunywa zaidi ya lita tatu kwa safari hiyohiyo. Bei ya lita unaijua, sina haja ya kukukumbusha.

Kasoro zipo. Kila betri ina kilo 20 na ushee, na ya pili inapanda juu kidogo, hivyo kwenye mchanga wa luseni usukani unakuwa mzito. Chaja iliyokuja nayo ni ya ampea 10: saa nne kwa betri moja, saa nane kwa mbili, na Tanesco wakikata usiku umeamka na nusu. Kigali na Nairobi dereva anaingia kituoni, anatoa betri tupu, anachukua iliyojaa, anaondoka. Hapa kwetu unachaji nyumbani. Halafu ukimya. Mchana ni raha, lakini usiku watu hawakusikii unapokuja. Na katika wilaya yenye Gamboshi, kijiji kinachovumishiwa uchawi, chombo kinachopita gizani bila sauti kitazungumziwa hadi asubuhi. Piga honi, ndugu yangu.

Uamuzi wangu ni huu. Kama kazi yako ni Malambo, Somanda, stendi na hospitali, betri moja inatosha na hela inayobaki fanyia mengine. Kama unabeba pamba kupeleka AMCOS, au abiria wa Dutwa na Lamadi, usinunue ya betri moja hata ukipunguziwa bei. Na ukienda kwa muuzaji, usikubali kujaribu ikiwa imejaa chaji na haina kitu kwenye keria. Hapo zote ni nzuri. Mwambie unataka kuipandisha mlima, gunia nyuma, betri ikiwa imebaki robo. Akikataa, rudi nyumbani na hela yako.